SOMO: KUPIMA HAMU YA TUMBAKU KABLA YA KUACHA SIGARA

Utangulizi



Mkulima wa Singida huutazama mwaka kabla ya kuchagua mbegu. Anajua kwamba mvua za nyanda hizi ni chache na za kusuasua, hivyo huangalia dalili, hupima udongo wake, kisha huamua kama apande mtama, uwele, alizeti au mahindi. Hafanyi hivyo ili akate tamaa. Hupima ili asitumie mbegu na nguvu zake mahali pasipofaa.

Somo hili linamwomba mvutaji wa sigara afanye vivyo hivyo. Wengi wanaotaka kuacha tumbaku huamka siku moja, wakatupa paketi jalalani na kuapa kwamba hawatarudi. Baada ya siku mbili au tatu huwa wamerudi, na pamoja na sigara hubeba mzigo mwingine: imani kwamba wao ni dhaifu. Mara nyingi kilichowashinda ni jambo ambalo hawakulipima kabla ya kuanza, yaani hamu ya tumbaku.

Jambo hili linagusa watu wengi. Utafiti wa kitaifa wa matumizi ya tumbaku kwa watu wazima uliofanyika Tanzania mwaka 2018 ulionyesha kuwa asilimia 8.7 ya watu wazima, takriban watu milioni 2.6, walikuwa wakitumia tumbaku. Katika mkoa wetu tumbaku si bidhaa ya dukani tu. Upande wa Manyoni na Itigi, unaopakana na Tabora, ni zao la shambani. Kwa hiyo wapo wanaonunua sigara za kiwandani, wapo wanaosokota tumbaku yao wenyewe, wapo wanaovuta kiko, na wapo wanaotumia ugoro. Somo hili linawahusu wote.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, mlaji ataweza:

1. kueleza hamu ya tumbaku ni nini na inatoka wapi;
2. kutofautisha nia ya kuacha na ukubwa wa hamu;
3. kujipima kwa kutumia maswali manne mafupi;
4. kusoma matokeo yake na kujua msaada anaopaswa kuuomba;
5. kujihadhari na bidhaa zinazouzwa kwa ahadi za uongo.

1. Hamu ya tumbaku ni nini?

Ndani ya jani la tumbaku mna kemikali iitwayo nikotini. Mtu anapovuta moshi, nikotini hupita kwenye mapafu, huingia katika damu na kufika ubongoni katika muda wa sekunde chache tu. Huko huamsha sehemu zinazotoa hisia ya raha na utulivu. Lakini nikotini haikai mwilini kwa muda mrefu. Kila baada ya saa mbili hivi, kiasi chake katika damu hupungua kwa nusu. Ubongo uliokwisha kuzoea huanza kudai tena. Dai hilo ndilo tunaloliita hamu, na ugumu unaofuata dai hilo lisipotimizwa ndio ambao baadhi ya vijana mitaani huuita arosto.

Mvutaji wa muda mrefu huona kwamba sigara humtuliza. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya utulivu huo ni kuondolewa kwa usumbufu ulioletwa na sigara iliyotangulia. Mtu huyo anafanana na aliyevaa kiatu kinachobana ili apate nafuu ya kukivua.

Hamu huja kwa njia mbili. Ya kwanza ni hamu ya mwili, inayopanda kadiri nikotini inavyopungua. Ndiyo inayomwamsha mtu asubuhi akitafuta kiberiti kabla hajanawa uso. Ya pili ni hamu ya mazoea, inayoamshwa na mahali, watu au shughuli: kikombe cha kahawa kijiweni, gari la abiria likisimama stendi, mapumziko baada ya palizi, au harufu ya moshi wa mtu mwingine. Hamu ya mwili hupungua baada ya majuma machache ya kuacha. Ile ya mazoea inaweza kurudi hata baada ya miezi mingi, ingawa hudumu kwa muda mfupi.

2. Nia ni jambo moja, hamu ni jambo jingine

Watu wengi hudhani kuwa mwenye nia kubwa ndiye atakayefaulu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2011 yalilichunguza jambo hilo kwa kuangalia tafiti zilizofuatilia wavutaji wa kawaida katika jamii. Matokeo yake yanafaa kukumbukwa na kila familia yenye mvutaji: nia ilionyesha ni nani angejaribu kuacha, lakini haikuonyesha vizuri ni nani angefaulu. Kilichohusiana na kufaulu au kushindwa baada ya jaribio kuanza kilikuwa kiwango cha uraibu.

Tafsiri yake ni nyepesi. Nia humfikisha mtu mlangoni. Baada ya hapo, njia yake ina mteremko au mlima kwa kadiri ya hamu aliyonayo. Mwenye nia kubwa na hamu kubwa anaweza kushindwa mara tatu, huku jirani yake mwenye nia ya kawaida na hamu ndogo akiacha mara moja. Kumwita wa kwanza mzembe na wa pili shujaa ni kuwapima kwa kipimo kisicho chao.

Kwa hiyo mke, mume au mzazi anayemwambia mvutaji, "Ungekuwa unatupenda ungeacha," anamtwisha mtu huyo lawama ambayo haimsaidii. Swali lenye manufaa zaidi ni hili: "Hamu yako ni kubwa kiasi gani, na tutafute msaada gani unaolingana nayo?"

3. Vipimo vilivyopo

Wataalamu wamekuwa wakitafuta namna ya kupima uraibu wa tumbaku kwa maswali kwa miongo mingi. Mwaka 1978 mwanasaikolojia wa Sweden, Karl-Olov Fagerström, alitoa dodoso lililopata umaarufu duniani. Mwaka 1991 dodoso hilo lilirekebishwa na kuwa na maswali sita. Maswali hayo huuliza muda unaopita kabla ya sigara ya kwanza, idadi ya sigara kwa siku, ugumu wa kujizuia mahali palipokatazwa, sigara ipi ni ngumu zaidi kuiacha, kama mtu huvuta zaidi asubuhi, na kama huvuta hata anapokuwa mgonjwa kitandani.

Kati ya maswali hayo sita, mawili ya kwanza ndiyo yenye uzito mkubwa, nayo huweza kutumika peke yake kama kipimo kifupi.

Swali la kwanza: Baada ya kuamka, unavuta sigara ya kwanza baada ya muda gani?

- Ndani ya dakika 5: alama 3
- Dakika 6 hadi 30: alama 2
- Dakika 31 hadi 60: alama 1
- Baada ya dakika 60: alama 0

Swali la pili: Unavuta sigara ngapi kwa siku?

- 10 au pungufu: alama 0
- 11 hadi 20: alama 1
- 21 hadi 30: alama 2
- 31 au zaidi: alama 3

Jumla ya alama huwa kati ya 0 na 6. Kwa kawaida alama 0 hadi 2 huhesabiwa kuwa uraibu mdogo, 3 hadi 4 uraibu wa kati, na 5 hadi 6 uraibu mkubwa.

Maswali hayo hupima tabia ya kuvuta. Wataalamu wengine waliona ni vyema pia kuuliza hamu yenyewe, wakaandaa madodoso marefu na mafupi kwa ajili hiyo. Mwaka 2011 watafiti nchini Uingereza walichapisha matokeo ya kipimo cha maswali mawili tu, wakikilinganisha na dodoso la Fagerström. Waliwauliza wavutaji kuhusu hamu yao, kisha wakawafuatilia miezi sita baadaye ili kujua nani alijaribu kuacha na nani alifaulu. Kipimo hicho cha hamu kilibashiri kufaulu vizuri zaidi kuliko vile vilivyozoeleka. Maswali yake ni haya:

Swali la tatu: Katika saa 24 zilizopita, umehisi hamu ya kuvuta kwa muda gani?

- Sikuhisi kabisa
- Muda mchache
- Muda kiasi
- Muda mrefu
- Karibu muda wote
- Muda wote

Swali la nne: Kwa ujumla, hamu hiyo imekuwa na nguvu kiasi gani?

- Hafifu: alama 1
- Ya wastani: alama 2
- Kali: alama 3
- Kali sana: alama 4
- Kali kupita kiasi: alama 5

Aliyejibu "Sikuhisi kabisa" katika swali la tatu huandikiwa alama 0 wala hahitaji kujibu la nne. Wengine wote huandikiwa alama ya swali la nne. Kadiri alama inavyopanda, ndivyo uwezekano wa kufaulu bila msaada unavyopungua.

4. Kwa nini idadi ya sigara haitoshi

Mahali ambapo watu hununua sigara kwa paketi, idadi ya sigara hueleza mengi. Katika vijiji na mitaa yetu, wengi hununua sigara moja moja. Mtu huvuta nne leo kwa sababu ana shilingi za nne, na kesho huvuta tisa kwa sababu amelipwa kibarua. Idadi hiyo imepima mfuko wake zaidi ya hamu yake.

Tuwafikirie watu wawili wa mfano. Wa kwanza ni utingo wa basi anayevuta sigara sita kwa siku. Huvuta ya kwanza kabla dakika tano hazijapita tangu aamke, na hamu yake ni kali sana. Wa pili ni mfanyabiashara wa vitunguu anayevuta kumi na mbili, karibu zote jioni akiwa na wenzake. Asubuhi hana habari nayo, na hamu yake ni hafifu.

Alama zao ni hizi:

- Utingo: muda wa sigara ya kwanza 3, idadi 0, jumla 3. Alama ya hamu ni 4.
- Mfanyabiashara: muda wa sigara ya kwanza 0, idadi 1, jumla 1. Alama ya hamu ni 1.

Anayevuta mara mbili ya mwenzake ndiye mwenye njia nyepesi zaidi. Utingo, ambaye jamaa zake humwambia, "Wewe unavuta chache tu, acha hata leo," ndiye anayehitaji msaada wa karibu.

Wanaosokota tumbaku ya shambani au kuvuta kiko hupata tatizo jingine, kwani misokoto haina ukubwa mmoja. Kwao, swali la muda baada ya kuamka na maswali ya hamu hufaa kuliko hesabu. Mtumiaji wa ugoro anaweza kujiuliza maswali hayohayo, akiweka neno "ugoro" mahali pa "sigara", lakini asitumie alama za idadi, kwa kuwa hazikutungwa kwa ajili yake.

Vilevile, mvutaji anayefunga mwezi wa Ramadhani hupata nafasi ya kuijua hamu yake. Saa za mchana bila sigara humwonyesha ni wakati gani hamu hupanda, ina nguvu kiasi gani, na hutulia baada ya muda gani. Ni vyema aandike anayoyaona, kwa kuwa akili husahau upesi baada ya futari.

5. Namna ya kujipima

Fuata hatua hizi:

1. Chagua siku ya kawaida. Usichague siku ya msiba, harusi au ugonjwa, wala siku ambayo umekosa fedha ya sigara.
2. Jibu maswali manne kwa maandishi, jioni kabla ya kulala. Asiyejua kuandika anaweza kusomewa na mtu anayemwamini.
3. Rudia kwa siku tatu. Ikiwa alama zinatofautiana, chukua ile iliyojitokeza mara nyingi.
4. Jibu kwa ukweli. Kipimo hiki hakina mshindi. Anayejipunguzia alama hujinyima msaada.
5. Andika pia mahali na saa ambapo hamu ilikuwa kali zaidi.

6. Mazungumzo ya mfano katika zahanati

Mazungumzo yafuatayo yametungwa kwa ajili ya somo. Mzee wa miaka sitini na mbili amefika zahanati kwa sababu ya kikohozi. Anahudumiwa na muuguzi ambaye ni rika la binti yake.

Muuguzi: Shikamoo, mzee wangu.

Mzee: Marahaba, mwanangu. Kifua hiki kimekataa kupona.

Muuguzi: Pole, mzee. Unatumia tumbaku?

Mzee: Nasokota. Nimejaribu kuacha mara tatu. Mara ya mwisho nilikaa siku nne. Nadhani mimi ni mtu wa kushindwa tu.

Muuguzi: Tuulizane kwanza. Ukiamka, unakaa muda gani kabla ya kuwasha?

Mzee: Sikai. Nawasha hata kabla ya kutoka nje.

Muuguzi: Na tangu jana saa kama hizi, hamu imekushika kwa muda gani?

Mzee: Karibu muda wote. Hata hapa kwenye foleni nilitaka kutoka.

Muuguzi: Ilikuwa hafifu, ya wastani, kali, kali sana, au kupita kiasi?

Mzee: Kali sana.

Muuguzi: Basi, mzee wangu, hukushindwa kwa sababu ya uvivu. Ulikwenda kubeba gunia la kilo mia peke yako. Siku nne kwa hamu ya namna hii ni kazi kubwa. Safari hii tutabeba wengi. Kikohozi nacho tutakichunguza leo, kwa kuwa kinaweza kuwa na sababu nyingine, kifua kikuu kikiwemo.

Mzee: Nani atabeba pamoja nami?

Muuguzi: Mimi, daktari nitakayekuandikia rufaa kwake, na mtu mmoja wa nyumbani utakayemchagua mwenyewe.

Tazama kwamba muuguzi hakumkemea wala hakumwahidi kwamba atafaulu. Ametumia majibu yake kupanga msaada.

7. Kusoma matokeo

Alama ndogo (hamu 0 hadi 1, na sigara ya kwanza baada ya saa moja au zaidi): mtu wa kundi hili anaweza kuanza kwa kupanga siku ya kuacha, kuwaambia jamaa zake, na kuepuka vijiwe vya kuvutia. Hata hivyo asidharau hamu ya mazoea. Ushauri mfupi wa mhudumu wa afya utamfaa.

Alama za kati (hamu 2 hadi 3): ushauri wa mara kwa mara unahitajika, hasa katika majuma manne ya mwanzo. Aulize kama dawa za kusaidia kuacha zinamfaa.

Alama kubwa (hamu 4 hadi 5, au sigara ya kwanza ndani ya dakika tano): asianze peke yake kama anaweza kupata msaada. Aombe ushauri na dawa kwa pamoja, na apange siku ya kuacha baada ya msaada huo kuwa tayari.

Makundi haya ni mwongozo wa kuanzia mazungumzo na mhudumu wa afya; hayachukui nafasi ya uchunguzi wake.

Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Lakini kila mtu wa Singida ameona mawingu mazito yakipita bila tone, na ameona mvua kubwa ikishuka siku isiyotarajiwa. Kipimo cha hamu ni cha namna hiyo. Kinaeleza yanayowapata wengi wenye alama fulani. Hakiwezi kutamka hatima ya mtu mmoja. Wapo wenye alama 5 walioacha na hawakurudi. Alama kubwa isitumike kama kisingizio cha kuendelea kuvuta, na alama ndogo isitumike kama ruhusa ya kuchelewa.

8. Msaada unaolingana na hamu

Kwa wanaojaribu kuacha bila msaada wowote, ni wachache sana, takriban watatu hadi watano katika kila mia, wanaoendelea kuwa bila sigara baada ya miezi sita hadi mwaka mmoja. Ushauri wa kitaalamu ukiunganishwa na dawa zilizothibitishwa unaweza kuongeza uwezekano huo zaidi ya mara mbili.

Mwezi Julai 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa tiba ya kuacha tumbaku kwa watu wazima. Mwongozo huo unapendekeza ushauri wa wahudumu wa afya, pamoja na dawa za aina nne: bidhaa mbadala za nikotini, kama vile plasta za kubandika ngozini na ubani wa kutafuna; vareniklini; bupropioni; na sitisini. Bidhaa mbadala za nikotini hupunguza hamu ya mwili bila kumpa mtu moshi wenye lami na kaboni monoksidi. Dawa nyingine hufanya kazi ubongoni.

Dawa hizi hazimfai kila mtu. Kwa mfano, bupropioni haifai kwa mwenye kifafa. Mjamzito, anayenyonyesha, na mwenye ugonjwa wa moyo au wa akili aanze kwa daktari. Msaada uombwe kwa utaratibu wa kawaida wa huduma: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, na inapobidi hospitali ya rufaa ya mkoa. Ukifika, sema wazi: "Nataka kuacha tumbaku, na hii ndiyo alama yangu ya hamu." Karatasi yenye majibu yako itaokoa muda wako na wa mhudumu.

9. Tahadhari kwa mlaji

Mtu mwenye hamu kali ni mteja rahisi kudanganywa. Zingatia yafuatayo:

- Usinunue unga, mizizi au matone yanayouzwa mnadani au kwenye basi kwa ahadi ya kukata uraibu kwa siku moja. Hamu ya mwili huchukua majuma kutulia, na muuzaji hawezi kuyafuta majuma hayo kwa maneno.
- Uliza kama dawa imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), kagua tarehe ya mwisho wa matumizi, na dai risiti.
- Kuhamia ugoro si kuacha tumbaku. Nikotini ni ileile, na tumbaku isiyo na moshi nayo huleta saratani, hasa ya kinywa.
- Maneno kama "nyepesi" hayaifanyi sigara kuwa salama. Mwenye hamu huvuta kwa nguvu zaidi mpaka ubongo upate kiasi ulichozoea.
- Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia tumbaku mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Usimtume mtoto dukani kukununulia sigara.

10. Daftari la majuma manne ya mwanzo

Baada ya siku ya kuacha, kipimo kiendelee. Kila jioni andika mambo matatu: alama ya hamu (0 hadi 5), saa ilipokuwa kali zaidi, na ulichofanya ilipokuja.

Kwa kawaida usumbufu huanza ndani ya siku ya kwanza. Nao ni hasira za haraka, wasiwasi, usingizi wa mang'amung'amu, njaa na kushindwa kutulia. Huwa mkali zaidi katika juma la kwanza, kisha hupungua katika muda wa majuma mawili hadi manne. Wimbi moja la hamu mara nyingi hupita baada ya dakika chache. Kunywa maji, ondoka mahali ulipo, tafuna karanga au kipande cha muwa, au mpigie simu mtu uliyemchagua. Lengo ni kulivusha wimbi hilo moja tu.

Ikiwa alama haishuki baada ya majuma mawili, rudi kwa mhudumu wa afya kabla hujarudi kwenye sigara. Huenda msaada uliopewa ni mdogo kuliko hamu yako. Ukivuta sigara moja, usihesabu kwamba safari imekwisha. Kuteleza si kuanguka. Andika ilikuwa saa ngapi na ulikuwa na nani, kisha endelea siku hiyohiyo.

Mwili nao huleta habari njema mapema. Baada ya saa 12 hivi, kiwango cha kaboni monoksidi katika damu hurudi kuwa cha kawaida. Katika miezi michache kikohozi na pumzi fupi hupungua. Baada ya mwaka mmoja, hatari ya ziada ya ugonjwa wa mishipa ya moyo hupungua kwa takriban nusu.

Mfuko hufuata. Tuseme, kwa mfano, sigara moja inauzwa shilingi 200, na mtu huvuta nane kwa siku. Hiyo ni shilingi 1,600 kwa siku, shilingi 48,000 kwa siku thelathini, na shilingi 584,000 kwa mwaka. Weka bei ya dukani kwako na idadi yako mwenyewe, kisha andika jibu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Maswali ya marudio

1. Kwa nini mtu mwenye nia kubwa anaweza kushindwa kuacha?
2. Sigara ya kwanza baada ya kuamka inatueleza nini?
3. Mtu anavuta sigara tano kwa siku na hamu yake ni alama 4. Utamshauri nini?
4. Taja tofauti kati ya hamu ya mwili na hamu ya mazoea.
5. Jaza maswali manne ya somo hili kwa siku tatu. Ikiwa huvuti, msaidie ndugu yako anayevuta kuyajaza, bila kumkemea.

Hitimisho

Aliyejaribu kuacha akashindwa hana sababu ya kujiona hafai. Apime hamu yake, alinganishe msaada aliokuwa nao na mzigo aliobeba, kisha apange upya. Alama aliyoiandika leo ndiyo ya kumwonyesha mhudumu wa zahanati kesho asubuhi.